Neno Ng'ambo Katika Kisanduku cha Nne

Nimekabidhi funguo mbili, wa mlango na wa kabati la chuma. Wa kabati nimeufunga uzi mwekundu, kwa sababu miaka mingi nilikuwa nikifika kazini na kuhangaika kufungua fomu za wachezaji kwa ufunguo wa stoo ya mke wangu. Mhuri wa duara ni wa fomu, wa pembe nne ni wa barua. Kidau cha wino kikikauka msikitie maji, kitatoa michirizi na mtu wa makao makuu atadhani mhuri umechorwa kwa kalamu. Mengine yote mtayakuta mahali pake, isipokuwa fomu moja ya zamani, ya msichana, ambayo niliitoa kwenye faili na kwenda nayo nyumbani. Nimeibana nyuma ya karatasi hizi. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Ninyi mnaobaki ofisini mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini, nami nimekubali kwa sharti kwamba hamtatafuta humu habari za vyeo wala posho. Nilianza nikiwa msajili wa wachezaji na nimeondoka nikiwa msajili wa wachezaji. Jina mlilonipa kwa siri, Mzee Fomu, nilikuwa nalijua siku zote. Sikukasirika. Kuna wenzangu ofisini walioitwa mabaya zaidi na kwa haki kabisa.

Kilichoniingiza kazini ni mwandiko. Nilikuwa kijana wa Kiha niliyeteremka kutoka milima ya Kasulu kutafuta kibarua bandarini. Bandarini waliniambia nisubiri, nikawa nasubiri kwa kuwaandikia watu barua nje ya posta. Siku moja mzee mmoja mwembamba alisimama nyuma yangu hadi nikamaliza barua ya mwanamke aliyekuwa akimlaumu mumewe aliyeko Tabora. Barua ilikuwa ndefu, maana mume mwenyewe alikuwa na makosa mengi.

"Kijana, herufi hizi unaweza kuziandika hivi hivi toka asubuhi mpaka alasiri?" akaniuliza.

"Naweza, mzee."

"Njoo kesho."

Huyo alikuwa Mzee Sudi, mwenyeji wa Ujiji, mwamuzi mstaafu aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya uwanja. Ndani mlikuwa na meza, viti viwili, kabati hilo hilo la chuma na taipureta iliyokosa herufi "k", jambo lisilo dogo kwa mtu anayeandika habari za Kigoma. Ndiyo maana alihitaji mwandiko. Siku ya kwanza hakunifundisha kitu. Alinipa kitambaa nifute vumbi kwenye mafaili, na kila faili nililofuta alinisimulia mchezaji aliyemo, nani mama yake, nani alimfundisha mpira, na kama aliwahi kudanganya umri. Jioni nilikuwa nimekwishajua nusu ya mji.

Kazi yetu, kwa msioielewa vizuri bado, ni kujua mtu ni nani kabla hajaingia uwanjani. Inasikika nyepesi. Lakini katika mji ambao mashua za Kongo zinashusha watu Bangwe na Ujiji, na mpaka wa Burundi uko kaskazini hapo, mtu huweza kuwa Joseph asubuhi na Yusufu jioni, na kote huko ana mama anayemwita mwanangu. Kulikuwa na mamluki, wale wanaocheza kwa jina la mwingine. Kulikuwa na vijeba, watu wazima wanaonyoa ndevu mara mbili kwa siku ili wacheze na watoto. Picha nazo zilikuwa na vituko vyake. Studio moja ya Mwanga, hapa mjini, ilikuwa na shati moja la mirabamiraba la kuazimisha, na ukifungua faili za miaka ile utaona timu nzima, kuanzia golikipa hadi wa akiba, imevaa shati moja.

Mzee Sudi alikuwa na mbinu zake. Aliwahi kuletewa beki mmoja mrefu ambaye fomu ilimwita Hamisi, na timu pinzani imeweka pingamizi ikidai kwamba jamaa amekwisha kuchezea taifa jirani kwa jina la Nestori. Yule beki alikula yamini kwamba hajui Nestori ni nani. Mzee Sudi akamwambia yameisha, nenda salama. Jamaa alipofika mlangoni, mzee akaita taratibu tu, bila kuinua macho kwenye karatasi zake: "Nestori." Beki akageuka. Tukatazamana sote watatu, kisha yeye mwenyewe akacheka, akarudi akaketi akaeleza ukweli. Tulimpa maji akanywa. Hakucheza msimu ule.

Kanuni zenyewe alinifundisha kwa mdomo kabla sijaziona kwenye kitabu. Mtu huchezea taifa ambalo ni raia wake. Kama uraia wake hakuupata kwa kuzaliwa pale, basi awe na mzazi aliyezaliwa pale, au babu, au bibi, au awe ameishi pale miaka iliyotajwa. Inaishia kwa babu na bibi, baba wa babu haulizwi. Na akishaichezea nchi moja mechi rasmi ya wakubwa, nchi nyingine asahau. Siku hizi wameacha upenyo kidogo, lakini ni mwembamba. Sheria ya nchi yetu nayo haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa pande mbili. Kwa hiyo kila kitu kinaanzia kwenye fomu, na kwenye fomu kinaanzia kisanduku cha nne, mahali pa kuzaliwa.

Kuhusu kisanduku hicho Mzee Sudi alinipa onyo, na nataka mlisome mara mbili kwa sababu mimi nililisikia mara moja.

"Wewe umetoka milimani, hujatujua watu wa Ujiji," aliniambia. "Usije ukamwuliza mtu wa hapa kwao ni wapi. Ukimwuliza hivyo atakutajia alikotoka babu wa babu yake. Hilo ni swali la heshima, la watu wanaotaka kuoana au kuzikana. La fomu ni jingine. Muulize mama yake alilala wapi siku ya kumzaa. Halafu ukimaliza kuandika, msomee kwa sauti kabla hajatia sahihi."

Nikasema nimeelewa. Miaka mingi nilifanya hivyo, hata baada ya yeye kufariki na kiti chake kuwa changu. Niliuliza mama alilala wapi, wachezaji wakacheka, wakajibu. Nilisoma kwa sauti. Mambo yalikwenda.

Sasa nifike kwa Zaituni.

Ulikuwa mwaka wa kwanza tuliposajili timu za wasichana. Zilikuwa timu nne, moja ya Kasingirima, mtaa wa Ujiji, na hiyo ndiyo iliyofika ofisini siku ya mwisho ya usajili, Ijumaa. Umeme haukuwapo, foleni ilifika barabarani, na viongozi wa timu za wanaume walikuwa wakigonga dirisha. Wale wasichana walifika saa mbili asubuhi. Niliwaweka pembeni, nikawahudumia saa tisa na nusu. Sitaki kuipamba sababu. Niliwaweka mwisho kwa kuwa niliona fomu ya msichana haitasafiri popote. Itakaa kabatini, panya wataila, basi. Sikudhani kuna siku mtu wa Dar es Salaam ataifungua na kuisoma neno kwa neno.

Zaituni alikuwa wa tisa au wa kumi. Alikuwa msichana mfupi mwenye kwato ya kushoto, kama wenzake walivyouita mguu wake kwa jinsi alivyopiga mashuti. Aliniamkia, nikaitikia bila kumtazama.

"Jina?"

"Zaituni Feruzi."

"Umezaliwa mwaka gani?" Akautaja.

"Kwenu wapi?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Lilinitoka tu. Sisi Waha nasi tunaulizana hivyo njiani, na mwenzako anakutajia kijiji, yameisha. Mimi nilikuwa nimechoka, na uchovu ulinirudisha milimani. Zaituni yeye alilelewa na bibi yake, kwa jina la baba wa bibi huyo, naye alimfundisha kwamba ukiulizwa kwenu unyooshe mgongo na kujibu. Akanyoosha mgongo.

"Kwetu ng'ambo, mzee. Manyema."

Nikaandika: *Ng'ambo, Kongo*. Kwa mwandiko wangu ule mzuri. Sikumsomea. Nilimgeuzia karatasi akatia sahihi chini, nikagonga mhuri wa duara, nikaita anayefuata.

Mnaotoka mikoa mingine huenda hamjui. Watu wa Ujiji wengi wazee wao walivuka ziwa zamani sana, enzi za misafara, wakitoka Manyema. Wamekaa hapa vizazi na vizazi, wamezikwa hapa, Kiswahili chao ni kizuri kuliko changu. Lakini asili haitupwi. Kusema "kwetu ng'ambo" kwa mtu wa Ujiji hakumaanishi kwamba ana nyumba huko. Wengi hawajawahi hata kuvuka. Ni namna ya kusema: nina wazee, nina majina, sikuokotwa.

Miaka mitatu ilipita. Zaituni akawa winga ambaye watu waliacha kazi kumtazama. Nilimwona Bangwe, kwenye kile kiwanja ambacho mpira ukipigwa vibaya unaangukia majini na mechi inasimama hadi mtu auogelee. Alikuwa akienda mbio pembeni, upande wa ziwa, na wanaume wazima wakikimbia naye nje ya mstari ili wasimkose. Katika mashindano ya mikoa kocha mmoja wa taifa alimwona, na baada ya wiki chache ikaja barua ya kumwita kambi ya timu ya taifa ya wasichana. Barua niliipokea mimi. Nilipanda bodaboda nikaipeleka Kasingirima mwenyewe.

Bibi yake, Bi Mwamvua, alinipokea uani. Alikuwa mama mtu mzima sana, macho yameanza ukungu, sauti bado ya amri. Mama yake Zaituni, binti yake wa pekee, alikwisha kufariki. Nilimsomea barua. Aliniomba nisome tena. Halafu akamwita mjukuu wake, akamshika mkono, na kuniambia, "Karani, huyu ni wa Feruzi baba yangu, wa Mabruki, wa Kitenge, wa Songoro, wa Mwinyi aliyevuka maji. Wote hao leo wanakwenda uwanjani." Alihesabu kwa vidole, vitano. Niliondoka pale nimebeba chupa ya mawese na furaha isiyo yangu.

Kambini wakaanza kutengeneza pasipoti. Zaituni hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kama wengi wa rika lake hapa. Akakifuatilia, akakipata, kimeandikwa Kasingirima, Ujiji. Kikaenda Dar es Salaam pamoja na faili lake la usajili. Huko kulikuwa na kamati ya uhakiki, na kamati ikaweka karatasi mbili mezani. Cheti kipya kabisa kinasema Ujiji. Fomu ya miaka mitatu nyuma, yenye sahihi ya mchezaji na mhuri, inasema Kongo.

Zingatieni hapa. Kuzaliwa ng'ambo peke yake kusingemnyima kitu, kama mzazi wake ni Mtanzania. Kilichomponza ni karatasi mbili zisizopatana. Karatasi zikigombana, wahakiki huamini ile ya zamani, kwa sababu ile mpya ndiyo iliyokuja wakati mtu ana shida nayo. Nami ningefanya hivyo hivyo. Ndivyo tulivyofunzwa.

Walinipigia simu. Sauti ilikuwa ya kijana mpole.

"Shikamoo mzee. Fomu hii ya Zaituni Feruzi, mwandiko ni wako?"

"Marahaba. Ni wangu."

"Una uhakika na ulichoandika kisanduku cha nne?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema nisubiri, ngoja nikumbuke. Badala yake nilijisikia nimeguswa pabaya. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuutilia shaka mwandiko wangu. Nikajibu, "Kijana, mimi siandiki nisichokisikia."

Ni kweli, niliandika nilichokisikia. Nilikata simu nikiwa na hasira, nikanywa chai. Kikombe cha pili hakikupita. Nilikuwa nimekwisha kumwona tena yule msichana akinyoosha mgongo, na nikaisikia sauti ya Mzee Sudi ikiniambia mama yake alilala wapi.

Lakini sikupiga simu. Siku ya kwanza nilisema ukweli watauona wenyewe. Siku ya pili nilisema nikikiri kosa moja watafungua kabati zima. Siku ya nne ofisa mhakiki alifika kutoka makao makuu, akapelekwa Kasingirima, nami nikajitia nina kazi nyingi nisiende naye. Alirudi alasiri, akaketi kwenye kiti nilichokuwa nikikalia mimi zamani. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka ya kuwahi usafiri.

"Bibi mwenyewe amekiri," akaniambia.

"Amekiri nini?"

"Nimemwuliza, bibi, kwenu wapi? Akanijibu Manyema, ng'ambo. Akanitajia na majina matano. Nimeyaandika yote."

Alinionyesha daftari. Feruzi, Mabruki, Kitenge, Songoro, Mwinyi. Yale majina niliyohesabiwa kwa vidole kama fahari, sasa yamepangwa kwenye ukurasa kama ushahidi wa mashtaka. Nilipaswa kufumbua mdomo pale pale. Nilimpa kalamu aliyoisahau mezani, nikamtakia safari njema.

Siku ya tisa ndipo nilipokwenda. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wa kutosha. Bi Mwamvua alikuwa amekaa kwenye mkeka, Zaituni yuko jikoni. Walikuwa wamemrudisha kutoka kambini siku mbili kabla, kwa muda, hadi suala lake liishe. Nilimwamkia, nikaketi chini, nikasema yote. Kwamba sikumwuliza vizuri. Kwamba sikumsomea. Kwamba niliulizwa nikanyamaza.

Zaituni alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakupaza sauti.

"Mzee, uliniuliza kwetu wapi."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi nilikujibu vizuri."

"Ulinijibu vizuri. Nimekosa mimi."

Akarudi jikoni. Bi Mwamvua akanigeukia, akaniuliza.

"Yule mgeni aliponiuliza kwetu, mwanangu, nilidhani ananiheshimu. Kumbe kusema ulikotoka ni kosa?"

"Si kosa, bibi. Swali ndilo lilikuwa baya."

"Mimi nimezaliwa nyumba hii. Mama yake Zaituni nimemzaa chumba kile. Zaituni amezaliwa pale pale, mkunga akiwa jirani wa nyumba ya tatu. Angeniuliza hivyo ningemwambia."

Aliinuka kwa tabu, akaingia ndani, akarudi na kanga iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya Zaituni, ya kitoto, imechakaa pembeni, na mahali pa kuzaliwa pameandikwa kwa wino wa bluu: nyumbani, Kasingirima. Muda wote ilikuwa pale, hatua kumi kutoka alipoketi yule ofisa. Hakuna aliyeiomba.

Niliandika barua ya kukiri kosa usiku haujaingia, nikagonga mhuri wa pembe nne, nikamtafuta mwenyekiti wa mtaa akatia sahihi yake. Kabla ya kuituma nilipiga simu. Yule kijana mpole alinisikiliza hadi mwisho.

"Mzee, kwa nini hukusema siku ile?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliona aibu.

"Majina yalifungwa Jumatatu," akasema. "Nafasi yake amepewa mwingine. Lete hizo karatasi tusafishe faili, zitamsaidia mbele."

Zilisafisha faili kweli. Ndani ya miezi miwili faili likarudishwa kwangu, na barua kwamba Zaituni Feruzi hana dosari. Wakati huo mashindano yalikwisha kuchezwa, na mwaka uliofuata alikuwa amepita umri wa timu ile. Kwa timu ya wakubwa kocha mpya alikuja na majina yake. Zaituni alisubiri msimu mmoja, akasubiri wa pili, goti likaanza kumsumbua. Hakuna aliyemfukuza. Alipitwa tu.

Katikati ya kungoja huko jambo jingine lilitokea, nami nilihusishwa kwa kuwa barua zilipita kwangu. Habari za fomu zilivuka ziwa haraka kuliko nilivyodhani, na wakala mmoja wa ng'ambo akaandika: kama binti amezaliwa kwetu, aje atuchezee sisi. Zaituni aliniletea barua hiyo, akaiweka mezani, akaniuliza kanuni inasemaje. Nilimweleza. Hakuzaliwa huko, wala wazazi wake, wala bibi na babu zake. Aliyezaliwa huko ni Mwinyi aliyevuka maji, na kanuni haimfiki Mwinyi.

"Kwa hiyo huku nilikuwa wa ng'ambo," akasema, "na ng'ambo mimi ni wa huku."

"Kwa karatasi, ndiyo."

Alicheka kidogo, akakunja barua, akaichukua. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi wiki nzima, na angenipunguzia mzigo. Lakini ni binti aliyelelewa na Bi Mwamvua, akaniaga kwa adabu.

Bi Mwamvua alifariki baada ya miaka michache. Nilikwenda msibani Kasingirima, nikakaa na wanaume nje. Mlioishi Ujiji mnajua, katika koo kama zile mzee hasindikizwi hivi hivi. Ndugu mmoja husimama akamtaja, binti wa nani, wa nani, mpaka kwa aliyevuka. Nilikuwa nangoja kusikia yale majina. Nilikuwa nimeyakariri tangu siku ya mawese, na niliyasoma tena kwenye daftari la yule ofisa. Ndugu yao alisimama, akasema, "Huyu ni Mwamvua binti Feruzi, mkazi wa Kasingirima, mwenyeji wa hapa." Akaketi.

Nilidhani amesahau. Nikamwinamia mzee aliyekuwa kando yangu nikamwuliza mbona hawakutaja wazee. Hakunijua mimi ni nani. Akaninong'oneza, "Marehemu mwenyewe alikataza. Tangu lile jambo la mjukuu wake, humo ndani hakuna anayesema ng'ambo. Alisema neno hilo limemla mtoto."

Siku hiyo nilijua hesabu yangu ilikuwa pungufu. Nilikuwa nikijilaumu kwa mechi. Nilidhani nimemnyima msichana mmoja jezi, jambo ambalo ni zito lakini lina mwisho, goti lingemnyima vilevile siku moja. Kumbe nilikuwa nimeinyamazisha nyumba. Watu walivuka ziwa na majina yao vichwani, wakayatunza vizazi kwa vizazi bila karatasi hata moja, na mimi kwa kalamu ya ofisi nikayafanya kitu cha kuogopwa. Nilitembea kwa miguu kutoka Ujiji hadi nyumbani Gungu siku ile.

Baada ya hapo nilirudi kwenye sheria ya Mzee Sudi bila kukosa. Niliuliza mama alilala wapi. Nilisoma kila fomu kwa sauti, hata foleni ilipofika barabarani, na ndiyo sababu ya ninyi kuniita Mzee Fomu na kunung'unika kwamba nachelewesha kazi. Sasa mna kompyuta, nayo ina kisanduku hicho hicho, na haijui Kiswahili cha Ujiji. Sitawaomba mengi. Someni kwa sauti.

Wiki yangu ya mwisho kazini Zaituni alikuja. Siku hizi anashona nguo Gungu na kufundisha timu ya wasichana wadogo jioni. Alileta kumi na wanane, wamepangana ukutani kwa urefu. Amenenepa kidogo, anachechemea kidogo. Alinisalimia vizuri, akaniambia amesikia naondoka, akaona wanawe wasajiliwe kwa mkono wangu. Sijui kama ilikuwa msamaha. Sikumwuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Niliwasajili polepole. Wa mwisho alikuwa binti yake mwenyewe, Mwamvua, miaka kumi na miwili, mguu wa kushoto. Nikamwuliza mama yake alilala wapi siku ya kumzaa. Akacheka, akasema hospitali, hapa hapa mjini. Nikaandika, nikamsomea, akasikiliza, akatia sahihi. Nikagonga mhuri wa duara. Kazi ilikuwa imekwisha.

Ndipo nikaweka kalamu chini, kabisa, aone kwamba siandiki. Nilitaka kuyasikia yale majina ya wazee mara moja tu kabla sijafunga kabati. Nikamwuliza kwa sauti ya kumheshimu, kama wanavyoulizana watu wa kwao:

"Na kwenu wapi, Mwamvua?"

Mtoto hakunyoosha mgongo. Alimtazama kwanza mama yake. Zaituni alikuwa amegeukia dirishani, anahesabu mipira kwenye wavu.

"Hapa," mtoto akasema. "Hapa tu, babu."

"Na wazee wako wa zamani?"

"Hapa hapa."